Ajenda ya Kumi na Nne

Nilistaafu siku ya Ijumaa. Jumatatu nikaamka kama kawaida, nikaoga, nikavaa viatu vya kazini, nikatoka nyumbani kwetu Bertrams, na nilikuwa nimesimama barabarani nasubiri robot, yaani taa za barabarani, iwe kijani ndipo nikakumbuka kwamba hakuna anayeningoja. Nikageuka. Mume wangu Mandla alikuwa bado mezani na chai yake. Akanitazama, akauliza, "Umesahau nini?" Nikamwambia nimesahau kustaafu. Basi naandika haya ili mikono ipate kazi, na kwa ajili yenu vijana mliobaki pale ofisini mkiandaa vikao. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyote vilikuwa vidogo, havijazi ukurasa.

Kwa wasionijua, mimi ni Nyamizi, Mnyamwezi wa Sikonge. Niliolewa Morogoro na kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa ukimbizini, na alipopata ruhusa ya kurudi kwao nikamfuata. Kwa miaka ishirini na ushei nilikuwa katibu wa kamati ya mitaala, idara ya teknolojia ya chakula, kwenye chuo kikuu kimoja hapa Johannesburg. Kamati ya mitaala ndiyo inayoamua mwanafunzi afundishwe nini. Katibu ndiye anayeamua kamati ianze na lipi, imalize na lipi, na mezani kuwe na nini cha kutafuna. Msilidharau hilo la mwisho.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na katibu aliyekuwa anaondoka, Bi Hettie, mama wa Kiafrikana aliyefunga miwani yake kwa mnyororo kama mbuzi mtukutu. Alinikabidhi vitu vitatu: muhuri, chupa ya chai, na kitabu cha kanuni za kamati, cha jalada la kijani, ambacho ungeona wazi kwamba hakijawahi kufunguliwa na mtu. Akaniambia, "Mwenyekiti anaongoza kikao. Katibu anamwongoza mwenyekiti. Mjumbe akipandisha hasira, mpe rusk. Hawezi kugomba huku anatafuna." Kwa wageni wa nchi hii, rusk ni mkate uliokaushwa mpaka ukawa tofali. Nilidhani ananitania. Baadaye nimezima kwa rusk ugomvi wa maprofesa ambao wasuluhishi wa kulipwa walishindwa.

Bi Hettie alinifundisha pia mpangilio wa ajenda. Zilikuwa kumi na nne. Ya kwanza kufungua kikao, ya pili kuthibitisha kumbukumbu, na kuendelea mpaka ya kumi na nne, Mengineyo. "Wageni, wanafunzi na malalamiko ya vyoo," alisema, "vyote weka kwenye Mengineyo." Nikafanya hivyo mwaka hadi mwaka bila kuuliza. Na kikao chetu hakikuwahi kufika kumi na nne. Saa sita kamili yule profesa wa vifungashio alikuwa akisimama kwenda kuwachukua watoto wake shuleni, akidi inakufa, tunafunga tukiwa kwenye ajenda ya tisa. Malalamiko ya vyoo yalisubiri miaka sita. Vyoo vyenyewe vikaamua kufa.

Mwaka 2015 wanafunzi wakafunga mageti. Mlikuwepo wengine, mnakumbuka. Walisema wamechoka kufundishwa kana kwamba nchi hii ilianza siku meli ya Wazungu ilipotia nanga. Mwaka uliofuata ikashuka barua kutoka juu: kila idara iwaweke wanafunzi kwenye kamati yake ya mitaala, na wasisahauliwe wale wa jamii za wenyeji asilia, watu waliokuwa kwenye ardhi hii kabla yetu sote. Idara yetu ilikuwa nao wawili. Mmoja aliitwa Sanna, Mnama kutoka Namakwaland, kule kaskazini-magharibi kwenye mawe na jua. Wa pili aliitwa Petrus, Msan wa Kalahari, kijana mrefu asiyesema. Nikawaandikia barua nzuri ya kuwaalika, nikagonga muhuri, nikawaweka kwenye ajenda. Ya kumi na nne.

Sasa sikieni kosa hilo lilivyokuwa kubwa. Sanna alikuwa na shida ya kweli. Alikuwa amefeli somo la uchachushaji kwa mara ya pili, alama arobaini na sita, na kwa sheria zetu ukifeli somo mara mbili unafukuzwa idarani. Alama nne tu zilimkosesha. Na swali moja la alama kumi alikuwa amepewa sifuri. Swali lilisema: utajuaje kwamba chachu imemaliza kazi yake? Sanna aliandika: "Tega sikio mdomoni mwa kibuyu. Ikisikika kama mvua ya mbali, bado. Ikinyamaza, pasha kibuyu joto usikilize tena, kwa sababu huenda imelala. Ikinyamaza mara ya pili, imekwisha." Msahihishaji alichora sifuri, akaandika pembeni neno moja: "Chanzo?"

Bodi ya mitihani ilimwambia haiwezi kumpa alama kwa jambo ambalo halimo kwenye mtaala. Mtaala ukibadilishwa kabla bodi haijakaa mwishoni mwa muhula, karatasi yake itasahihishwa upya. Usipobadilishwa, arudi Namakwaland. Kwa hiyo msichana yule alikuja kwenye kamati yetu na mkoba wake mapajani, akakaa tangu saa tatu mpaka saa sita akisubiri zamu yake. Profesa wa vifungashio akaangalia saa, akasimama. Akidi ikafa. Mwezi uliofuata, vilevile. Sanna akatoka nje, akaegemea ukuta wa korido na kulia, na mimi nikapita nimebeba chupa ya chai, nikajiambia mambo ya wanafunzi si kazi yangu. Naona aibu mpaka leo. Wenyeji wa nchi tumewakalisha kama wageni, tena wageni wa kupishana nao mlangoni.

Petrus yeye hakulalamika. Alikuwa akila rusk, nyingi ajabu, na kwenye kikao cha pili nilimwonea huruma nikampa kitabu cha kijani angalau ashike kitu. Akaenda nacho nyumbani. Eish! Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea.

Kikao cha tatu, mwenyekiti wetu, Profesa Labuschagne, alikuwa hata hajamaliza kusema "karibuni". Niwaambie, Labuschagne hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na masharubu mazito, na aliheshimu utaratibu kuliko mama mkwe. Petrus akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, kanuni ya saba," akasema. Sauti yake tuliisikia kwa mara ya kwanza, wengine waligeuka kutafuta inatoka wapi. "Mjumbe anaweza kuomba ajenda yoyote ipande juu kabla ya kikao kufunguliwa, mjumbe mwingine akiunga mkono. Naomba ya kumi na nne iwe ya kwanza."

"Naunga mkono," akasema Sanna.

Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, kuna kanuni kama hiyo?"

Sikujua. Miaka yote ile, wallahi, sikujua. Petrus akanisogezea kitabu taratibu, ukurasa umewekewa alama ya makombo ya rusk. Nikasoma, nikasema ipo.

Sanna akasimama, akasoma jibu lake la mtihani. Walimsikiliza vizuri. Kisha mwenyekiti akasema, kwa upole kabisa, "Binti, hili ni jambo la kuvutia. Lakini fomu ya kubadili mtaala inadai marejeo. Kitabu gani? Mwandishi nani?"

"Ouma Griet," akasema Sanna. "Bibi yangu."

"Ameandika wapi?"

"Hajui kuandika, Profesa. Anatengeneza."

Mwenyekiti akafungua mikono, namna ya mtu ambaye angependa kusaidia ila mlango umefungwa. Petrus akanyoosha mkono tena. Nikaona mwenyekiti anavuta pumzi.

"Kanuni ya ishirini na mbili. Pale ambapo ujuzi haujaandikwa, mjuzi mwenyewe anaweza kuitwa mbele ya kamati, apimwe, na neno lake likubaliwe kuwa rejeo."

Kanuni hiyo ilitungwa, nilikuja kugundua kwenye mafaili ya zamani, kwa ajili ya fundi mmoja wa bia aliyeletwa kutoka Ujerumani enzi idara inaanzishwa. Hakuwa na cheti hata cha kuzaliwa. Nusu ya somo la uchachushaji ilikuwa imetoka kinywani mwake, na hakuna aliyewahi kumwandikia "Chanzo?" pembeni. Baada ya kikao nilimwonyesha mwenyekiti lile faili. Akalisoma, akakuna masharubu, akasema, "Basi mwite huyo bibi." Kikao cha nne kilipangwa siku tatu kabla ya bodi ya mitihani. Hapakuwa na cha tano.

Asubuhi ya siku ile simu yangu ikaita. Alikuwa Papa Ilunga, mlinzi wa getini, Mkongomani wa Lubumbashi, ambaye mimi na yeye tulikuwa tukisalimiana kwa Kiswahili kila asubuhi, kila mtu akimcheka mwenzake anavyokiongea.

"Mama Nyamizi, kuya mbio! Kuko mama moya mukubwa hapa, iko na kibuyu. Ile kibuyu inasema!"

"Inasema nini?"

"Inasema shhhh! Na povu inatoka. Miye siwezi kumuacha apite. Ikipasuka, patron ataniuliza miye!"

Nikashuka mbio. Getini nikamkuta bibi mdogo, mfupi kuliko meza ya walinzi, amejifunga kitambaa kichwani na blanketi mabegani, amekumbatia kibuyu. Alikuwa ametoka kwao jana yake kwa basi, na kazi ya kuchachusha aliianza kabla ya kupanda, ili asije mjini mikono mitupu. Ndani mlikuwa na asali, maji, na unga wa mzizi wa jangwani uliokaushwa, ambao ndio chachu yenyewe. Nikanusa. Mama yangu! Ilikuwa wanzuki. Wanzuki wa kwetu, ile pombe ya asali ambayo bibi yangu Sikonge alikuwa akipika kila msimu wa kurina. Miaka ishirini nimechapa mtaala wa uchachushaji, jibini ya Mholanzi na bia ya Mjerumani, na siku moja haikunijia akilini kwamba bibi yangu naye alikuwa akichachusha. Nilisimama pale getini machozi yananitoka, na Papa Ilunga akadhani kibuyu kimeniingia machoni.

Pombe haikuruhusiwa chuoni. Tulikubaliana na Papa Ilunga aandike kwenye daftari lake: "Rejeo, moja." Akaandika.

Kamati ilihamia maabara. Mwalimu wa somo alikuwa amepanga chupa tano zenye asali na chachu ya Ouma, ambayo Sanna alikuwa ameileta kutoka likizo, zimeanzishwa siku tofauti. Kila moja ilishapimwa kwa kile kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki. Kwa mujibu wa kitabu, kijiti kikirudia namba ileile mara mbili, kazi imekwisha. Majibu ya kijiti yalikuwa kwenye bahasha, na bahasha nilikuwa nimeikalia mimi.

Mwenyekiti akaeleza, Sanna akatafsiri. Ouma Griet akaitikia kwa kichwa, kisha akasema kitu ambacho Sanna hakutaka kukitafsiri.

"Amesema nini?" akauliza mwenyekiti.

"Anasema... sikio lake la kulia halisikii kabisa. Lakini la kazi ni la kushoto."

Nikasikia wajumbe wanakohoa. Nikawasogezea rusk.

Ouma akainamia chupa ya kwanza. "Bado." Ya pili. "Imekwisha." Ya tatu alitega sikio, akalitoa, akatega tena, akamgeukia mwalimu kwa jicho kali. "Hii haina mtu." Ilikuwa maji ya sukari matupu, chupa ya kulinganishia, maabara huwa wanaweka. Sanna alijaribu kueleza. Ouma akasema kwao mtu mzima hategewi, na akadai kiti kabla ya kuendelea. Akaletewa kiti cha mwenyekiti. Chupa ya nne, "Imekwisha." Nilikuwa nimeichomoa bahasha nachungulia, na mpaka hapo yeye na kijiti walikuwa sawasawa. Ya tano akasikiliza muda mrefu.

"Bado," akasema. "Imelala."

Nikatazama karatasi. Kijiti kilisema imekwisha. Nikaisoma kwa sauti, maana kazi ni kazi, na nikaona uso wa Sanna unabadilika rangi. Mwenyekiti akasema kwa huruma kwamba nne kati ya tano si haba, lakini swali la mtihani lilikuwa juu ya hilo hasa, kujua imekwisha au haijaisha, na kwa hiyo...

Ouma hakusubiri tafsiri. Aliinyakua chupa ya tano, iliyokuwa imewekwa dirishani kwenye baridi ya Julai, akaifunga ndani ya blanketi lake, akaiweka mapajani. Akasema maneno machache.

"Anasema endeleeni na mambo yenu," akatafsiri Sanna. "Ataiamsha."

Basi tukaendelea. Tulithibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Tukajadili ripoti ya vifungashio. Bibi amekaa kwenye kiti cha mwenyekiti na chupa mapajani kama anayebembeleza mjukuu, na mwenyekiti amekaa kwenye stuli ya maabara. Sanna hakuwa na nguvu hata ya kuinua kichwa. Saa sita kasorobo profesa wa vifungashio akaanza kukusanya karatasi zake, akiondoka tu akidi imekufa na kila kitu kimekufa. Nikamsogezea rusk mbili, karibu nimtie mdomoni kwa mikono yangu. Saa sita kasoro dakika tano tukasikia sauti ndogo, shhh. Ouma akafungua blanketi. Mwenyekiti akainama aone vizuri, na hapohapo kizibo kikaruka, puu! Povu la asali likampata usoni, kwenye miwani, kwenye masharubu, na kwenye ripoti nzima ya vifungashio.

Mwenyekiti akavua miwani. Akalamba sharubu moja, akafikiri. Akalamba na la pili.

"Katibu," akasema, "andika: chupa haikuwa imekwisha."

Wakapiga kura kabla saa haijagonga. Wote walikubali, hata wa vifungashio, ambaye mdomo ulikuwa umejaa, akanyoosha mikono miwili. Kwenye kumbukumbu niliandika kwamba kinywaji kilimfikia mwenyekiti bila kukusudia. Kwenye fomu, sehemu ya mwandishi nikaandika Ouma Griet. Sehemu ya mwaka wa kuchapishwa nikamuuliza mwenyewe. Sanna akamweleza, bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwambie sijamaliza," akasema. Nikaandika "inaendelea", nikagonga muhuri. Siku tatu baadaye bodi ikasahihisha upya, Sanna akapata alama nane kati ya kumi za lile swali. Hamsini na nne. Alikuja ofisini kwangu akanikumbatia mbele ya watu, nami niliyempita akilia koridoni sikujua niweke wapi uso wangu. Nikamwambia nisamehe, mwanangu. Akasema, "Sharp, Ma," yaani haina neno, mama.

Tangu siku ile wanafunzi niliwaweka ajenda ya pili. Vyoo niliviacha kumi na nne.

Mwaka 2019 zamu yangu ya kuondoka ikafika. Petrus alikuwa amehitimu, na idara ikamwajiri awe msaidizi wangu, kisha katibu. Nilimkabidhi muhuri na chupa ya chai. Kitabu cha kijani alikuwa nacho tayari. Kikao changu cha mwisho aliandaa yeye. Nikavaa kitenge kipya, nikaandika hotuba kurasa mbili, nikakaa kitini saa tatu kamili. Ndipo nikaangalia karatasi. "14. Mengineyo: kumuaga katibu mstaafu."

Nikadhani amesahau. Nikasubiri. Ajenda ya tano, ya sita, ya saba. Kwenye ya tisa saa ikafika sita, profesa wa vifungashio akasimama, siku hizi anamfuata mjukuu. Akidi ikafa. Watu wakatoka, mmoja mmoja, wakinipungia mkono. Nikabaki na kurasa zangu mbili mkononi, na ikanichoma, sitawadanganya.

Petrus akanisogezea sahani. "Sisi ulitukalisha mara mbili, Ma," akasema. "Wewe nimekukalisha moja tu. Kula rusk."

Nilitaka kugomba, lakini nilikuwa natafuna.

"Sasa nenda maabara," akasema.

Nilisukuma mlango wa maabara nikidhani hakuna mtu, kwa jinsi palivyokuwa kimya. Walikuwepo wote, wajumbe wa kamati na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kila mmoja ameinama na sikio kwenye chupa. Ouma Griet amekaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Sanna, ambaye sasa ndiye anayefundisha mafunzo yale ya vitendo, akaweka kidole mdomoni. Nikairudisha hotuba mkobani. Akanipa chupa, nikainama, nikatega sikio.

Ya kwangu ilikuwa bado.